Barua ya wazi kwa wanangu mnaoanza kuketi kwenye majopo ya usaili

Wanangu,

Msailiwa hajabisha hodi, nanyi mmeshamjibia. Mmeliona jina lake, chuo alichosoma, na mmoja wenu kanong'ona, "Huyu nasikia mjuaji sana." Hiyo ndiyo dhana tangulizi, hukumu inayofika kabla ya ushahidi. Kuwa nayo si dhambi: akili haianzi upya kila mlango unapofunguka, hutumia ya jana kukisia ya leo. Hatari ni kusahau kwamba ulikisia.

Mwaka 1946 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwasomea watu sifa sita za mtu mmoja: mwerevu, mchapakazi, mwenye papara, mkosoaji, mkaidi, mwenye wivu. Kundi la pili akalisomea sita hizohizo kuanzia mwisho. Walioanza na werevu walimwona mtu hodari mwenye kasoro zake. Walioanza na wivu wakaona kasoro zimeufunika uwezo wake. Litazameni neno "mkaidi". Likifuata werevu, unasikia mtu mwenye msimamo. Likifuata wivu, unasikia kichwa kigumu.

Watu husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwenye usaili laja kweli, na mnaolileta ni ninyi. Mwaka 1950 mwanasaikolojia mwingine, Harold Kelley, aliwapa wanafunzi wa chuo nchini Marekani maelezo mafupi kuhusu mhadhiri mgeni. Wengine waliandikiwa kwamba ni mkunjufu sana, wengine kwamba ni mkavu kiasi; mengine yote yalifanana. Walioambiwa ni mkavu walimpima vibaya zaidi, tena wakachangia kidogo kwenye mjadala. Mtu yuleyule, darasa lilelile.

Nanyi ukimya huo mnaweza kuuzalisha kwa swali moja. Ukishamdhania mtu mgomvi, utamuuliza, "Kazini ulikotoka uligombana na nani?" Ajibu vyovyote, atatoka mgomvi. Muulize hivi: "Tueleze kazi mliyoifanya watu kadhaa, sehemu yako ilikuwa ipi?" Hapo ana nafasi ya kuikosoa dhana yako.

Kwa hiyo, kabla ya mtu wa kwanza kuingia, kila mmoja aandike peke yake anachomdhania kila msailiwa na amekitoa wapi: nimesoma, nimesikia, au nimehisi tu. Akunje karatasi, aiweke. Maswali yawe matano, yaleyale, kwa mpangilio uleule. Alama ziwekwe mara baada ya kila jibu, pamoja na maneno machache ya alichosema. Hapa ndipo wengi huharibu: wanasubiri mwisho, wameshampenda au kumchoka, kisha wanatafuta namba za kuunga mkono. Jibu la kwanza zuri nalo hulipaka rangi la nne ambalo halikuwa na kitu.

Mwenyekiti azungumze wa mwisho. Nalisisitiza hili kwa sababu heshima yetu kwa wakubwa ni njema, lakini akitangulia kusema "huyu anafaa," kalamu za wadogo hugeuka.

Alama zikishajumlishwa, fungueni zile karatasi. Mkikuta matokeo yamefuata mlichoandika asubuhi mtu kwa mtu, msitangaze bado. Rudini kwenye majibu yaliyoandikwa, msitegemee kumbukumbu, na muanze na yule aliyepata alama ndogo kuliko wote.

Mzee wenu