Jiwe la Brunnenstraße 193

Mwanangu,

Picha zako za theluji tumeziona. Mama yako bado anauliza kama lile koti linakutosha. Mjibu mwenyewe, mimi nimechoka kuulizwa.

Nina ombi. Siku ukipata nafasi hapo Berlin, nenda Brunnenstraße namba 193. Usitazame majengo, tazama chini. Kwenye njia ya waenda kwa miguu utaona kijiwe cha kumbukumbu chenye uso wa shaba, kama sentimita 10 kwa 10. Ni cha Bayume Mohamed Husen, ambaye kwao aliitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Kiliwekwa mwaka 2007.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa Wajerumani. Vita vilipoanza 1914 naye akaingia jeshini. Miaka 10! Wewe umri huo ukitumwa chumvi usiku ulikuwa unataka usindikizwe. Oktoba 1917 walipigana Mahiwa, hapohapo tunapopita tukienda Masasi. Akajeruhiwa, Waingereza wakamchukua mateka. Hata 14 hajafikisha.

Alitoka hai. Mwaka 1929 akafika Berlin kudai mshahara wa vita, wake na wa baba yake. Hapa ndipo ninapokwama kila nikimkumbuka. Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kwamba amechelewa. Amechelewa! Aliyekaa na fedha za watu miaka yote hiyo ndiye anayemhesabia mwenzake siku. Na haki hiyo haikuwa yake peke yake, ilikuwa ya mzee wake pia.

Akabaki hukohuko. Alihudumu mkahawani, akaigiza filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Januari 1933 akaoa Mjerumani, siku chache tu kabla Hitler hajashika madaraka. Mwaka uliofuata akaomba nishani waliyokuwa wakipewa waliopigana mstari wa mbele, na kovu la Mahiwa analo mwilini. Wakamnyima.

Mwaka 1941 wakamkamata. Kosa, uhusiano na mwanamke wa Kizungu. Hakufikishwa mbele ya hakimu. Wakampeleka kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini ya mji huo unaoishi, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Waingereza aliopigana nao walimwachia. Hawa aliowapigania, hapana.

Nasikia watu wa huko huvisugua vijiwe hivyo visififie. Basi beba kitambaa. Wapita njia wakikushangaa, waache washangae. Ukishakisugua, msalimie marehemu kwa Kiswahili, maana ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya hapo mjini, kuwafundisha wenyeji lugha yetu. Kisha nitumie picha, ila jina lisomeke. Zile za juzi zote umetikisa mkono.

Mama yako anasema uvae glavu.

Baba yako