Mbwa akifa baada ya sindano, jembe lisubiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wengi wetu hapa Mbeya hulimaliza kwa kusema "mbwa ni mbwa tu", nalo ni haki ya mtu ambaye mnyama wake amekufa baada ya kutibiwa.

Mwezi Juni mwaka jana mbwa wangu wa ulinzi, niliyemlea hapa Uyole kwa miaka sita, aliacha kula na ufizi wake ukapauka. Kijana ambaye mtaa mzima tumezoea kumwita bwana mifugo alikuja nyumbani, akasema ni ugonjwa wa kupe, akachanganya unga wa pakiti na maji, akamchoma sindano, akapokea shilingi 25,000 na kuondoka na pikipiki yake. Siku ya pili mbwa alianza kuyumba na kutetemeka, na alfajiri ya siku ya tatu tulimkuta amekufa. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimeshamzika chini ya mparachichi. Wiki mbili baadaye, hasira ilipozidi huzuni, nilikwenda kwa msaidizi wa kisheria, na maswali yake mawili ya kwanza hayakuwa ya sheria hata kidogo: mzoga uko wapi, na karatasi ya matibabu iko wapi? Sikuwa na hiki wala kile.

Maswali hayo yana uzito kuliko nilivyodhani. Dawa inayotumika sana kwa ugonjwa huo, diminazini, hutengenezwa hasa kwa ajili ya ng'ombe, na kwa mbwa tofauti kati ya dozi inayoponya na ile inayodhuru ubongo ni ndogo, ndiyo maana mnyama hupaswa kupimwa uzito kabla ya kuchomwa. Wangu hakupimwa. Hata hivyo ugonjwa wenyewe huua, hata mbwa aliyetibiwa ipasavyo, kwa hiyo siwezi kuapa leo kwamba ni sindano iliyomuua. Mwenye kudai ndiye mwenye kuthibitisha, na katika shauri la madai haitoshi kuonyesha kwamba kifo kimefuata matibabu. Lazima ionekane kwamba mtaalamu hakufanya kile ambacho mwenzake mwenye ujuzi wa kawaida angefanya, na kwamba kasoro hiyo ndiyo iliyoleta kifo. Jambo hilo la pili huthibitishwa kwa uchunguzi wa mzoga. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Iringa, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, na mzoga unaosafirishwa hupozwa kwa barafu bila kugandishwa, kwa kuwa kugandisha huharibu nyama za ndani zinazotakiwa kuchunguzwa. Kwa aliye mbali, njia nyepesi ni kumwita siku hiyo hiyo daktari mwingine wa mifugo, si yule aliyetibu, apasue, achukue sampuli na aandike ripoti. Mwenye mbwa asijaribu kupasua mwenyewe, hasa kama mnyama alionyesha dalili za kuyumba au kung'ata ovyo, maana kichaa cha mbwa bado kipo kwetu.

Kuhusu mahali pa kupeleka malalamiko, nimegundua kwamba tunachanganya njia mbili zisizofanana. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari Tanzania, ambalo husajili madaktari wa mifugo na kuwaandikisha wataalamu wasaidizi. Malalamiko juu ya mwenendo wa mtaalamu hupelekwa kwa maandishi kwa Msajili wa Baraza, na mtaalamu akionekana ana hatia anaweza kuonywa, kusimamishwa au kufutwa katika daftari. Baraza halimlipi mlalamikaji fidia. Lakini kwa mtu kama mimi swali la kwanza la kuuliza huko ni jepesi zaidi: je, huyu aliyemchoma mbwa wangu ameandikishwa? Kama hakuandikishwa, suala linaacha kuwa la maadili ya taaluma na kuwa kosa la jinai, nalo hupelekwa polisi.

Anayetaka fedha huenda mahakamani. Kwa macho ya sheria mbwa ni mali, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu fidia mahususi haina budi kutajwa na kuthibitishwa shilingi kwa shilingi: bei ya mbwa, gharama za matibabu, nauli, uchunguzi. Bila risiti hakuna cha kuthibitisha. Uchungu wa watoto walioamka na kukuta banda tupu hauna risiti, na sitamdanganya msomaji kwamba ndio utakaomlipa. Madai yanayosimama juu ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3, na yanayosimama juu ya mkataba ndani ya miaka 6, na malipo kwa huduma ni mkataba hata kama hayakuandikwa popote. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo jirani mmoja alinishauri niitumie, inahusu zaidi ukatili na malezi ya wanyama kuliko dozi iliyokosewa kwa nia njema.

Kuna mtego mmoja ambao wanavijiji wanapaswa kuujua mapema. Ikiwa aliyetibu ni afisa mifugo wa kata aliyekuwa kazini kwa niaba ya halmashauri, shauri dhidi ya mwajiri wake hutanguliwa na notisi ya siku 90, nakala yake ikipelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na hufunguliwa Mahakama Kuu. Kwa mbwa mmoja, nani ataingia gharama hizo? Lakini afisa huyo huyo akija jioni kwa malipo ya mfukoni mwake, amekuja kama mtu binafsi na anaweza kudaiwa hivyo. Kwa hiyo ni muhimu kujua tangu mwanzo fedha unampa nani, na kudai stakabadhi yenye jina.

Nisiwe mkali kupita kiasi kwa vijana hawa. Ng'ombe wetu wa maziwa, kuanzia Tukuyu mpaka Njombe, wangekuwa taabani bila wao. Ombi langu kwa halmashauri na kwa wenye maduka ya dawa za mifugo ni dogo: kila anayetibu awe na kitabu cha nakala mbili, aandike uzito wa mnyama, dalili alizoziona, jina la dawa, kiasi alichotoa, tarehe, na namba yake ya usajili, kisha amwachie mwenye mnyama nakala moja. Karatasi hiyo ingenisaidia mimi, na kama dozi ilikuwa sahihi ingemsaidia pia yule kijana, ambaye mpaka leo tukikutana Mwanjelwa tunapishana bila kusalimiana.

Mfugaji,
Uyole, Mbeya