Barua kwa mwanangu: soma tundu kabla ya kununua doki

Tororo, Jumatano usiku

Mwanangu mpendwa,

Salaam. Sisi hapa wazima, na bibi yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unataka meza ya kazi iliyokamilika, uache kuinamia laptopu kitandani, na umeniuliza ununue doki ipi, yaani kile kidude cha kuunganishia laptopu na skrini, kibodi na vinginevyo kwa kebo moja. Doki iache kwanza. Wengi huanza nayo, wanarudi nyumbani na kidude cha bei kubwa, wanachomeka, skrini haiwaki, na lawama zinamwangukia muuzaji. Kinachoamua mambo yote ni tundu la laptopu uliyo nayo.

Igeuze ubavu uimulike kwa tochi ya simu. Tundu dogo lenye pembe za mviringo, ambalo plagi yake inaingia upande wowote, ndilo USB-C. Umbo ni moja, kazi si moja. Liko linalopitisha data peke yake, liko linalopokea na chaja, na liko linalotoa picha pia. Ukiona pembeni mchoro wa radi wenye ncha ya mshale, hilo ni Thunderbolt, picha na data vyote vinapita. Ukiona herufi D iliyoikumbatia P, linatoa picha kwa njia ya DisplayPort. Mchoro wa betri au wa plagi maana yake linachaji. Ukikuta SS peke yake, au pasipo alama yoyote, usikisie. Soma jina kamili la modeli chini ya laptopu, kisha tafuta maelezo yake kwenye tovuti ya mtengenezaji. Unachotafuta ni maneno DisplayPort yakitajwa pamoja na USB-C.

Yasipokuwepo, doki ya kawaida haitakupa picha kupitia tundu hilo, hata muuzaji aape. Hapo inabaki aina inayoitwa DisplayLink: programu ndani ya laptopu inaibana picha na kuituma kama data, na doki inaifungua upande wa pili. Kwa majedwali ya hesabu inafaa kabisa. Ila inatumia nguvu ya prosesa, ni lazima uweke draiva yake (programu ya kuiendesha), na filamu zenye ulinzi huenda zikaonyesha weusi mtupu. Kama laptopu ni ya ofisi na imefungwa isiwekwe programu, waulize watu wa kompyuta wa ofisini kabla hujatoa shilingi.

Na kama laptopu ina tundu la HDMI nawe unataka skrini moja tu, doki huihitaji. Kebo ya HDMI kwa picha, kibodi na mausi kwenye matundu ya USB, chaja mahali pake, basi. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu dukani hakuna atakayekwambia.

Tuseme unayo USB-C inayotoa picha na umeamua kununua doki ndogo, zile wanazoziita habu. Ndani ya USB-C mna jozi nne za nyaya za kasi. Zichukulie kama barabara ya njia nne. Habu nyingi zinazigawa: njia mbili kwa picha, mbili kwa data. Kwa laptopu yenye DisplayPort 1.2, njia mbili hazitoshi kubeba 4K (pikseli 3840 kwa 2160) kwa mwendo kamili, kwa hiyo skrini inapata picha 30 tu kwa sekunde badala ya 60. Utaona mara moja: mshale wa mausi unaruka badala ya kuteleza, na dirisha ukiliburuta linachelewa nyuma ya mkono wako. Habu nyingine zinaipa picha njia zote nne, 4K inapata 60, lakini data inabaki na nyaya za zamani za USB 2.0, megabiti 480 kwa sekunde, na kunakili mafaili kwenda hifadhi ya nje kunakuwa kwa kukokota. Ikiwa laptopu na habu vyote vina DisplayPort 1.4, njia mbili zinatosha 4K kwa 60. Kwenye boksi 4K huandikwa kwa herufi kubwa na 30Hz (hezi 30, yaani picha 30 kwa sekunde) kwa herufi ndogo. Soma zile ndogo. Kwa skrini ya 1920 kwa 1080 usihangaike na hesabu hii, njia mbili zinaibeba bila shida.

Sasa umeme. Soma maandishi mgongoni mwa chaja yako. Ikiwa imeandikwa 20V na 3.25A, zidisha: ni wati 65. Habu inayopitisha chaja hujichukulia fungu lake, mara nyingi wati 10 hadi 15, kwa hiyo laptopu inafikiwa na kama 50. Ukifanya kazi nzito utaiona betri inashuka polepole huku chaja imechomekwa, au Windows ikulalamikie kwamba chaja ni dhaifu. Dawa ni mbili: chomeka chaja moja kwa moja kwenye tundu la pili la laptopu kama nalo linachaji, au tafuta chaja ya wati 100. Doki kubwa zenye chaja yake zenyewe hazina tatizo hilo, mradi wati inazoipa laptopu zisipungue za chaja uliyouziwa nayo. Laptopu yako ikiwa inachajiwa kwa pini ya duara tu, doki ya USB-C haitaichaji. Chaja yake ibaki mezani.

Kebo ndiyo inayofanya doki nzima zirudishwe dukani zikiitwa mbovu. Kebo ya USB-C iliyokuja na simu mara nyingi haina zile nyaya za kasi. Inachaji vizuri, data inapita kwa USB 2.0, picha haipiti kamwe. Kwa macho huwezi kuitofautisha na nyingine. Kebo ya kawaida hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Kupita hapo inahitaji chipu ndani ya plagi yake, na kebo ya namna hiyo huandikwa 100W au 240W. Nunua iliyoandikwa wati na kasi, gigabiti 10 au zaidi, na isizidi mita moja, kwa kuwa urefu unaila kasi. Kwenye kebo usipunje. Rahisi inavunja upishi.

Pesa nyingi iweke kwenye skrini, maana ndiyo utakayoitazama kutwa. Kwa hesabu zako chagua inchi 24 yenye 1920 kwa 1080, au inchi 27 yenye 2560 kwa 1440. Usichukue inchi 27 yenye 1920 kwa 1080, hata bei ikikuvutia: pikseli zinatawanyika, zinabaki kama 82 kwa inchi, wakati ile ya 24 ina kama 92 na ya 27 niliyokutajia ina kama 109. Kwenye safu za tarakimu ndogo, 3 na 8 zitaanza kufanana ifikapo saa kumi jioni. Paneli iwe IPS. Ile ya TN, ukiegemea upande tu, rangi zinabadilika.

Mimi ningechagua iliyotumika ya ofisini, yenye mguu unaopanda na kushuka, kuliko mpya ya bei ya chini isiyoinuka. Za namna hiyo zimejaa Kampala, lakini zipime. Mwombe muuzaji aiwashe kwa laptopu yako. Fungua picha nyeupe tupu ijaze skrini nzima, kisha nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Kwenye nyeupe tafuta vidoa na kona zenye manjano. Kwenye nyeusi tafuta nukta zinazong'aa. Ingia kwenye menyu ya skrini usome inapokea ukubwa gani na hezi ngapi. Shika plagi ya kebo uitikise kidogo: picha ikikatika, tundu limelegea. Iache iwake nusu saa, kwa kuwa ugonjwa wa taa za nyuma hujitokeza ikipata joto. Isipokuwa na mguu, tazama kama ina matundu manne ya skrubu mgongoni, milimita 100 kwa 100, utaweza kuifunga kwenye mkono wa chuma. Soma na kibandiko cha umeme: iwe 100-240V. Iliyotoka Marekani huja na plagi ya pini bapa. Ibadilishe waya wote uwe wa pini tatu wenye fyuzi, usiweke adapta legevu ukutani.

Angalia pia matundu yake. Kebo ya DisplayPort kwenda HDMI hupitisha picha upande mmoja tu, kutoka kwenye kompyuta yenye DisplayPort kwenda kwenye skrini ya HDMI. Ukiigeuza hupati kitu. Na skrini yenye VGA, lile tundu la picha la zamani, peke yake inataka kigeuzi chenye chipu, kwa hiyo iache.

Ukipata skrini yenye USB-C yake inayotoa wati 65 au 90, hiyo ni doki tayari: kebo moja inaleta picha, inachaji, na kibodi na mausi vinachomekwa mgongoni mwake. Ichukue, habari ya doki iishe.

Umeme ukikatika, au Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha, laptopu inabaki na betri yake lakini skrini, doki na ruta vinazimika papo hapo. Hifadhi ya nje iliyokuwa inaandikiwa kupitia doki inakatwa katikati, na mafaili yanaweza kuharibika. Ndiyo maana nataka uwe na UPS ndogo (betri ya akiba inayoshikilia vifaa umeme ukikatika), VA 650 inatosha, ya kubeba hivyo vitatu. Pasi, birika na printa ya leza visiguse UPS hiyo. Radi zikianza kupiga, chomoa plagi ukutani na kebo ya mtandao pia. Radi hupitia hata hapo.

Mausi isiyo na waya ikianza kukwama, usiitupe. Vifaa vya USB 3 hutoa kelele ya redio karibu na gigahezi 2.4, mle mle inamosikilizia ile plagi yake ndogo. Ihamishe mbali na hifadhi ya nje, kwa kebo fupi ya kurefushia.

Skrini ikae umbali wa mkono ulionyooka, ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho, na dirisha liwe ubavuni. Ikiwa chini sana, bunda la karatasi za A4 lina kimo cha kama sentimita tano; weka moja au mawili.

Jumamosi beba laptopu, chaja na tochi. Nunua skrini na kebo kwanza, kibodi na mausi vifuate, doki ukiona bado unaihitaji. Usilipe kabla picha haijawaka kwa laptopu yako, na risiti iandikwe modeli, namba ya mfululizo na siku za kurudisha. UPS niachie mimi. Nitakutumia pesa yake kwa simu mwisho wa mwezi.

Mama yako