Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mashua Mpya, Ada na Mahudhurio

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya mwaka ya chama chetu cha mashua za tanga hapa Mwanza, Ziwa Victoria. Shughuli za kawaida mnazijua: mbio za Jumapili kati ya Kapripointi na Kisiwa cha Saanane, mafunzo ya vijana, safari ya pamoja ya Ukerewe, usafi wa ufukwe. Hakuna aliyeumia na hakuna mashua iliyozama. Katibu kaandika mihtasari yake vizuri, namshukuru. Hapo sikai zaidi.

Nitakaa kwenye ununuzi wa mashua, kwa kuwa umesemwa sana kwenye grupu la WhatsApp na kidogo sana kikaoni.

Mkutano Mkuu uliopita uliiagiza kamati itafute mashua moja itakayofaa mbio na safari za mbali. Mezani zilibaki mbili, zote za faiba, zote Dar es Salaam. Moja ni ya futi 30, mkuku wake, yaani ule ubapa mzito wa chini unaoizuia mashua isipinduke, umefungwa moja kwa moja na unazama mita 1.7. Nyingine ina urefu wa mita 7 na mkuku wa kuinua: ukishushwa unafika mita 1.4, ukipandishwa sentimita 45. Kamati ilinunua hii ya pili. Wapo wanaosema mwenyekiti kanunua boti la wazee.

Tuanze na barabara. Mashua ya mita 7 ina upana wa mita 2.5, ikapanda lori la kawaida na kusafiri zaidi ya kilomita elfu moja bila kuitwa mzigo mpana. Ile kubwa ingehitaji lori maalumu, kreni kule na kreni hapa, kisha kreni tena kila inapotakiwa kukwanguliwa na kupakwa rangi ya chini. Hii yetu inapanda kwa trela na trekta, kazi ya asubuhi moja kama watu wamefika. Kufika kwa watu nitakurudia.

La pili ni maji yenyewe. Jiwe la Bismarck halimvunji mtu, linaonekana. Yanayovunja ni yale yaliyolala nusu mita chini ya uso, na ghuba yetu imejaa hayo. Tena kina hakitulii: ziwa lilishuka sana mwaka 2006, likapanda kupita kiasi 2020 na tena 2024, tofauti ya zaidi ya mita mbili. Anayejivunia kulijua jiwe fulani alijue pamoja na mwaka alioliona.

Mkuku uliofungwa ukigonga jiwe kwa mwendo wa noti 5 (karibu kilomita 9 kwa saa), ncha yake ya chini inasimama na mashua inaendelea. Ukingo wa nyuma wa mkuku unasukumwa juu kuingia kwenye bodi, na bolti za mbele zinavutwa chini. Ufa huanzia ndani, nyuma ya mkuku, chini ya mbao za sakafu, ambako hakuna anayetazama mpaka ngama, maji yanayojikusanya ndani ya mashua, iongezeke. Ile ya futi 30 niliikagua mwenyewe. Kwenye maungio ya mkuku na bodi palikuwa na mchirizi wa kutu, mwembamba, umepakwa rangi juu yake. Muuzaji alisema ni uchafu wa bandarini. Kutu hapo maana yake maji yamefika kwenye bolti, na hata chuma kinachosifiwa kuwa hakishiki kutu huliwa kikikaa kwenye maji yasiyopata hewa: kichwa na nati vinabaki vizima, shingo ya katikati inakuwa nyembamba. Huwezi kuijua bila kushusha mkuku wote. Wanaonilaumu hawajasema nani angelipia kazi hiyo.

Kisha magugu maji. Mizizi yake hukumba mkuku na usukani, mashua ikapoteza mwendo na kukataa kugeuka. Mkuku wa kuinua unapandishwa, magugu yanateleza nyuma, unashushwa. Vivyo hivyo kwa nyavu za sangara ambazo maboya yake hayana taa.

Sisemi yetu haina kasoro. Waya wa winchi unaoinua mkuku ndio roho yake, ukikatika mkuku unaanguka na kupasua kasha unamoingia ukipandishwa. Uzi mmoja wa waya ukichomoza, waya wote unabadilishwa, haufungwi utepe. Pini ya bawaba hula tundu lake likawa la yai, na dalili yake ni mkuku kugonga ndani ya kasha mawimbi yakitoka ubavuni. Kokoto za ufukweni hukwama kwenye kasha, kwa hiyo mashua haiburutwi mchangani ikiwa na mkuku ndani. Na bolti ya kufungia mkuku chini ikazwe kabla ya kutoka ghubani, maana mashua ikilala sana mkuku usiofungwa hurudi ndani wakati ule ule uzito wake unapohitajika chini. Mwezi wa tano bolti hiyo ilikutwa kabatini. Simtaji mtu.

Pia ilikuja na vipande vya zinki vya baharini, vinavyowekwa viliwe na kutu badala ya injini. Kwenye maji baridi zinki hujifunika utando na kuacha kufanya kazi, ikaliwa injini yenyewe. Tumeweka magnesiamu.

Kuhusu mwendo, wanamashindano wana hoja: wakati wa kubisha, yaani kupanda dhidi ya upepo, ile ya futi 30 ingetuacha. Lakini mbio zetu zinahesabiwa kwa muda uliorekebishwa, sekunde ulizotumia mara 1,000 kugawa kwa namba ambayo kila aina ya mashua imepewa kulingana na mwendo wake. Mashua kubwa hailetewi kikombe kwa ukubwa wake.

Kuhusu safari za mbali, mashua yetu ina daraja C la Ulaya, yaani upepo hadi nguvu 6 kwa kipimo cha Beaufort na mawimbi hadi mita 2. Kwenda Nansio, Ukerewe, inatosha. Kuvuka kwenda Bukoba kamati imeweka masharti na haitayalegeza: taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isomwe siku hiyo hiyo, tanga lipunguzwe upepo ukifika noti 15 bila kungoja mashua ilale, na jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe. Usiku pepo za nchi kavu kutoka pande zote hukutana katikati ya ziwa na kuinua mawingu ya radi, dhoruba ikapiga kabla ya alfajiri. Mwaka huu waliomba watatu kuvuka usiku. Wote nilikataa, na nitakataa tena.

Fedha: mashua, lori, trela, waya mpya na magnesiamu, jumla milioni 38 na laki sita. Makusanyo ya mwaka yote milioni 11 na kidogo, nyingine akiba na mkopo wa wajumbe wawili ambao hawakutaka kutajwa, mmoja wao akiwa mezani hapa mbele. Vitabu viko kwa Mhazini.

Ada. Wanachama 64, waliolipa kamili 23. Miongoni mwa waliolipua grupu kuhusu mkuku, waliolipa ni wawili. Katiba inasema asiyelipa hapigi kura, na leo Katibu atasoma orodha kabla ya uchaguzi. Msaragambo wa kukwangua mashua tulitangaza mara tatu. Mara ya mwisho tulikuwa watano na dereva wa trekta, naye alilipwa.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kupata tanga jipya la mbele, kwani jua letu limeunguza nyuzi za mshono wa lile la zamani na sasa zinachanika kwa kucha. Tunatarajia pia kuzungumza na wenzetu wa Kisumu na Entebbe kuhusu mbio za pamoja, na kutafuta gati la kudumu. Mazungumzo yanaendelea.

Naomba kuwasilisha.