Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Anayerusha na Anayesaini

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji ya chama chetu cha wenye ndege ndogo nawakaribisha Arusha, na nawashukuru waliosafiri kutoka Dar es Salaam, Zanzibar na Mwanza. Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, mimi sitazigusa. Muda niliopewa nautumia kwa jambo moja lililotunyima usingizi mwaka mzima, nalo ni watu: wa kurusha ndege zetu na, zaidi ya hao, wa kuzitengeneza.

Nianze na marubani, maana barua zenu nyingi zimewalalamikia wao. Ni kweli wanaondoka. Kwangu mwenyewe, katikati ya msimu, wawili walileta barua za kuacha kazi ndani ya wiki moja. Sina kinyongo nao. Kijana ametua kwenye vumbi la viwanja vya mbugani vya Kogatende na Ndutu miaka mitatu, ametimiza saa 1,500 za kuruka zinazomwezesha kuomba leseni ya juu kabisa, halafu anaitwa kwenye jeti yenye mshahara mnono na bima ya familia. Tumtakie heri. Tangu mwaka 2016 shirika letu la ndege la taifa limepokea ndege za Q400, A220, 787, 767 ya mizigo na 737 MAX. Kila mmoja wetu alishangilia zilipotua, na viti vile vya mbele lazima vikaliwe na mtu. Ndiyo maana kamati imelikataa pendekezo la kuwekeana mkataba wa kutochukuliana marubani. Mtu si mali ya hanga, banda la ndege.

Kinachoniuma ni upande wa pili. Kuna vijana wenye leseni ya rubani wa biashara, ile ya saa 200 za kuruka, waliosoma urubani Soroti, Uganda, na Afrika Kusini. Wazazi wao wameuza viwanja ili wasome, nao wamekaa sebuleni na vyeti vyao. Sisi tunalia hakuna marubani, wao wanalia hakuna kazi, na wote tunasema kweli. Leseni inatosheka na saa 200. Kampuni ya bima haimkubali mtu huyo peke yake mbele na watalii nyuma. Hapo katikati hakuna anayemvusha.

Kamati inapendekeza tuwavushe sisi. Kila mwenye Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, ampe kijana mmoja kiti cha mbele cha upande wa kulia, cha rubani msaidizi, kwa kuanzia kwenye safari za mizigo na zile za kurudi tupu. Najua hesabu yake, kwani kilo za kijana ni kilo za mzigo zilizoachwa chini. Lakini tazameni na faida hii: kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, rubani anayebeba abiria wa kulipa akiwa peke yake hukomea miaka 60, na akiwa na rubani mwenzake anaweza kufika 65. Tunao manahodha wanaoijua kila kona ya Serengeti na wamebakiza mwaka mmoja au miwili. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikiridhia utaratibu wa marubani wawili, mzee anabaki kazini na kijana anapata mwalimu.

Sasa niseme la mafundi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini.

Jioni moja ya Septemba nilikuwa hangani Kisongo. Ndege ilikuwa imerudi kutoka Kogatende na asubuhi ilitakiwa Seronera, wageni wameshalipa. Mhandisi wetu alinishika kidole akakipitisha taratibu kwenye ukingo wa panga la propela. Kucha ikakwama. Jiwe lilikuwa limeuma chuma. Alipima, akapima tena: kina kimezidi kinachoruhusiwa kupigwa tupa na kulainishwa, panga lazima liende karakana. Nikamwambia, "Mzee wangu, si ndege imefika nayo hapa?" Akafunika kalamu yake, akaiweka mfukoni. "Imefika kwa sababu halijakatika, mwenyekiti."

Usiku ule nilikodi ndege ya mwenzetu mmoja aliyemo humu ukumbini, na ninamshukuru. Lakini sijasahau kwamba nilimsukuma mtu asaini kuwa ndege ni salama kuruka. Sikuwa nimeuliza hata amekula. Tangu alfajiri alikuwa amekagua ndege nne peke yake, kwa sababu msaidizi wake aliyekaribia kupata leseni alikuwa amechukuliwa na karakana moja ya Ghuba mwezi uliotangulia.

Pengo la mtu huyo halizibwi haraka. Kwa kiwango cha ICAO, leseni ya mhandisi wa matengenezo inataka uzoefu wa miaka minne, au miwili kwa aliyepitia mafunzo yaliyoidhinishwa, na bado aruhusiwe kwa aina ya ndege husika. Wala si tatizo letu peke yetu. Makadirio ya Boeing ya mwaka 2024 yalisema dunia itahitaji marubani wapya 674,000 katika miaka 20, na mafundi 716,000. Mafundi wanaohitajika ni wengi kuliko marubani, ila fundi akiondoka hakuna anayepiga kelele mpaka ndege ilale.

Na kazi yenyewe haipungui. Injini ya Caravan zetu nyingi, PT6A-114A, inataka ukaguzi wa sehemu ya moto, pale mafuta yanapowaka, kwenye saa 1,800 na kufunguliwa yote kwenye saa 3,600. Wenzetu wa Zanzibar na Mafia wanaosha chumvi ya bahari kwenye kompresa, sehemu ya injini inayobana hewa, mara kwa mara, la sivyo inaliwa kimyakimya. Tena tunajiongezea mzigo wenyewe: masika ikianza, sote tunazilaza ndege Aprili kwa ukaguzi mkubwa, tunapanga foleni kwa wahandisi walewale na kugombea spea zilezile. Ikifika Juni kila mtu anataka yake itoke kesho. Sahihi za haraka zinatafutwa wakati huo.

Kwa hiyo naomba ridhaa ya mkutano kwa mambo mawili. Kwanza, ratiba moja ya ukaguzi kwa wanachama wote, ili baadhi yetu tuanze Novemba, watalii wanapopungua. Pili, mfuko wa kuwalipa mafundi wanafunzi posho hadi wapate leseni, kila mwanachama akichangia kwa idadi ya ndege zake. Kiwango mtakipanga ninyi hapa leo.

Na mhandisi akifunika kalamu, mwenye ndege asimpigie simu. Hilo sihitaji lipigiwe kura. Nimeanza nalo kwangu.

Katibu ana daftari pale mlangoni. Kabla ya chakula cha mchana, kila mmoja aandike namba ya usajili ya ndege yake, saa za injini zilizobaki, na mwezi anaokusudia kuilaza.