Dripu ya vitamini C si kazi ya saluni

Mhariri,

Matangazo ya dripu za "kung'arisha ngozi" na "kuongeza kinga" yamekuwa jambo la kawaida hapa Mombasa. Ndani ya chupa mara nyingi huwa kuna vitamini C iliyochanganywa na glutathioni (kemikali ya mwilini inayodaiwa kung'arisha ngozi), na anayechoma sindano si lazima awe daktari wala muuguzi. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini dripu hiyo ina hatari ya pekee kwa watu wa Pwani.

Chembe nyekundu za damu hukingwa na kimeng'enya kiitwacho G6PD. Kuna watu wanaozaliwa na upungufu wake. Hali hii hurithiwa kupitia kromosomu ya X, ndiyo maana wanaume huathirika zaidi, na imeenea katika nchi za malaria kwa sababu humpa aliye nayo kinga kiasi dhidi ya ugonjwa huo. Pwani yetu ni mojawapo ya sehemu hizo. Mtu anaweza kufika uzeeni akiwa mzima na asijue kwamba anao upungufu huu, mpaka siku atakapopewa dawa isiyomfaa.

Vitamini C ikimezwa, utumbo wenyewe huiwekea kikomo. Ukipata miligramu 30 hadi 180 kwa siku, mwili hufyonza asilimia 70 hadi 90. Ukipita gramu moja, hufyonza chini ya nusu, na kinachozidi kwenye damu figo hukitoa kwa mkojo. Dripu hukipita kikomo hicho. Dozi kubwa ya mshipani hupandisha kiwango kwenye damu makumi ya mara kuliko tembe iwezavyo, na kwa wingi huo vitamini C hubadilika tabia: badala ya kulinda chembe, huzalisha haidrojeni peroksaidi, kemikali inayodhuru chembe. Mwenye G6PD ya kutosha huihimili. Mwenye upungufu, chembe zake hupasuka.

Dalili hutokea ndani ya siku moja hadi tatu. Mkojo huwa mweusi kama chai ya mkandaa, macho yanageuka manjano, mgongo unauma, moyo unaenda mbio na mtu anahema akipanda ngazi mbili tu. Mgonjwa huyo asisubiri asubuhi. Apelekwe hospitali yenye damu ya kuongezea, na chupa ya dripu ichukuliwe pamoja naye ili daktari ajue alichotiwa. Asipewe maji ya ndimu wala vitamini zaidi "kusafisha damu".

Ndiyo maana hospitalini, kabla ya kutoa dozi kubwa kwa mshipa, hupimwa G6PD na utendaji wa figo. Figo zinahusika kwa sababu sehemu ya vitamini C hugeuka kuwa oksaleti mwilini. Oksaleti ikikutana na kalisi hufanya fuwele, na fuwele hizo huweza kuziba mirija ya figo. Mwenye kisukari naye ana hatari nyingine: baada ya dripu, baadhi ya mashine za kupimia sukari kwa tone la damu husoma juu kuliko ukweli. Mtu anajidunga insulini ya kushusha sukari ambayo haikupanda, kisha anazimia.

Faida yenyewe iko wapi? Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa LOVIT kwa wagonjwa mahututi wenye sepsisi, yaani maambukizi makali yanayoharibu viungo vya mwili. Waliopewa vitamini C kwa mshipa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa au kubaki na viungo vilivyoshindwa, kufikia siku ya 28, kuliko wale ambao hawakupewa. Kuhusu kung'arisha ngozi, mamlaka za dawa za Marekani na Ufilipino zimetoa onyo dhidi ya sindano za glutathioni kwa kazi hiyo. Mimi naona ni dhulma kumtoza binti pesa ili ahatarishe damu yake kwa ajili ya rangi ambayo haikuwa na kasoro.

Tembe ni jambo jepesi zaidi, lakini nazo zinatumiwa ovyo. Mwanamume mzima anahitaji miligramu 90 kwa siku, mwanamke 75, mjamzito 85, anayenyonyesha 120. Mvuta sigara aongeze 35. Kikomo cha mtu mzima ni miligramu 2,000. Ukikivuka, unaharisha na tumbo linakukata. Aliyewahi kupata mawe ya figo asifike hata gramu moja kwa siku. Mgonjwa wa selimundu au mwingine yeyote anayeongezewa damu mara kwa mara asinunue vitamini C kabla ya kumuuliza daktari wake, kwa maana madini ya chuma yanaweza kuwa yameshamjaa mwilini na vitamini hii huyafungulia njia ya kudhuru moyo.

Kwa mafua, ukweli ni mdogo kuliko sifa. Wanaotumia kila siku huugua mafua mara zile zile, ila hupona mapema kidogo: siku za kuugua hupungua kwa asilimia 8 kwa watu wazima na 14 kwa watoto. Anayeanza kumeza baada ya kamasi kutoka hapati faida inayoaminika.

Watoto ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, maana tembe za kutafuna zina ladha ya peremende. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji miligramu 15 tu, na kikomo chake ni 400. Tembe nne za miligramu 100 zimemfikisha. Tena tembe hizo ni asidi: zikikaa mdomoni hula jino, kwa hiyo mtoto asukutue kwa maji na asipige mswaki papo hapo. Zile za kuyeyusha ziwekwe kwenye glasi nzima ya maji, mpaka mapovu yaishe. Mwenye presha asome pakiti kwanza, kwani baadhi zina takriban miligramu 300 za sodiamu kila moja.

Angalia pia hali ya tembe unayouziwa. Unyevu wa Mombasa huiharibu vitamini C haraka, hasa inayotolewa kwenye kopo kubwa linalofunguliwa mchana kutwa. Tembe nzuri ni kavu na ina rangi moja. Ikiwa na madoa ya kahawia au inanata kwenye bahasha, imepoteza nguvu. Irudishe.

Wanaohitaji kweli dozi ya tiba ni wagonjwa wa kiseyeye: fizi zimevimba na kutoka damu, vidonda havifungi, miguuni kuna vidoa vya damu kuzunguka vinyweleo. Huwapata wazee wanaoishi kwa chai na mkate na walevi wasiokula. Mtu mzima hupewa miligramu 300 hadi 1,000 kwa siku, zikigawanywa, kwa mwezi mmoja.

Sisi wengine tunalo soko la Kongowea. Pera moja tu linapita miligramu 100, na chungwa moja hukaribia 70. Uchachu si kipimo, kwani ukwaju hauna vitamini C ya maana na madafu vilevile. Ubuyu unayo kwa wingi, lakini mabuyu yaliyopikwa kwa sukari na rangi yamepoteza sehemu yake motoni. Afadhali unga wake ukorogwe kwa maji baridi. Sukuma wiki ioshwe kabla ya kukatwa, si baada, maana vitamini hii huyeyuka na kwenda na maji.

Ombi langu kwa Idara ya Afya ya Kaunti na kwa Bodi ya Famasia na Sumu ni kwamba wakaguzi waingie katika saluni na vituo vya urembo na waulize mambo manne: nani anachoma sindano na leseni yake iko wapi, chupa zilinunuliwa wapi, majibu ya G6PD ya kila mteja yako wapi, na dawa za dharura ziko chumba gani. Pasipo na majibu, dripu zifungwe siku hiyo hiyo.

Mfamasia,
Mombasa