Jumamosi: Emperor, albamu ya mwisho

Habari zenu wanakikundi. Jumamosi saa 2 usiku tunasikiliza *Prometheus* ya Emperor, ile bendi ya muziki mzito wa metal kutoka mji wa Notodden, Norwei. Ilitoka 2001 na ndiyo albamu yao ya mwisho ya studio. Wamerudi jukwaani mara kadhaa, lakini albamu mpya hakuna.

Nyimbo ni 9, zote zimetungwa na Ihsahn, mwimbaji wa bendi, aliyepiga pia gitaa, kinanda na besi. Wenzake: Samoth naye alipiga gitaa, Trym ngoma. Mimi naisikia kama kazi ya mtu mmoja aliyeazima jina la bendi, na najua wapo watakaonirukia kwa hilo. Karibuni!

Sikilizeni mfululizo, msirukeruke. Vipokea sauti ni lazima, majirani hawana kosa 😄

Anayekuja aandike "nipo".